Waridi la Nimpaye na Moshi wa Matairi

Januari 9, 1979

Siku Audax alipopanda lori na wenzake wa mgambo aliniambia nisihangaike na barua, barua za huko mpakani zinapotea. Akasema, "Andika ya nyumbani, nikirudi utanisomea." Mimi niliishia darasa la nne. Herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Lakini leo nina neno la kuandika, basi naanza.

Kijiji kitajenga zahanati. Matofali yamefyatuliwa kule bondeni, yamekauka, yanasubiri moto, na kila nyumba imeambiwa ilete kuni. Kuni za karibu zimekwisha tangu tukusanywe hapa. Sasa ni kwenda msituni alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, na mimi nina Deodata mgongoni, meno yanamtoka, analia njia nzima. Juzi nilikuwa Nyakanazi kuuza ndizi. Malori ya jeshi yanasimama pale, wanabadilisha matairi yaliyopasuka na kuyatupa nyuma ya vibanda. Muuza chai mmoja alikuwa amewashia jiko lake kwa vipande vya tairi. Yanawaka kweli! Hata yakilowa yanawaka.

Leo mkutanoni nikanyoosha mkono. "Ndugu balozi, kwa nini tusichome matofali kwa matairi?"

Leonidasi, balozi wetu wa nyumba kumi, akanitazama juu mpaka chini. "Mama Deo, hilo darasa la nne ulilisoma mara ngapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akasema wazo limepokelewa, lori la kijiji litakwenda kuyabeba. Akinamama wenye waume vitani tumesamehewa kuni zote. Walinipigia vigelegele! Nimerudi nyumbani natembea kama sikanyagi chini.

Januari 13

Jua tu. Deo ametoa jino la pili.

Januari 16

Tanuri limewashwa. Moshi wake ni mweusi tii, mzito. Haupandi juu kama moshi wa kuni, unatambaa. Mchana unaelekea barabarani. Jioni upepo unageuka na kutupandia sisi wa mstari wa juu, kwanza nyumba ya Bibi Nimpaye, halafu yangu. Nguo za Deo nilizoanika zimejaa vitone vyeusi, zinanuka kiberiti, na zilizokuwa bado mbichi zina vitundu. Nilimwonyesha Leonidasi.

"Huo ni moshi wa maendeleo," akasema. "Fua tena."

Fua kwa sabuni gani? Duka la ushirika halina sabuni tangu kabla ya Krismasi.

Januari 20

Leo Bibi Nimpaye aliniita kupitia uani. Nilimkuta ameinamia waridi lake. Kila mtu analijua waridi hilo, linatoa maua mekundu kando ya ukuta wake, na watoto wamekatazwa hata kulinusa. Mimi nilidhani ni pambo tu, kama masista wanavyopanda misheni. Leo ndiyo mara ya kwanza kunisimulia.

Zamani alikaa kule mlimani. Binti yake Josefina alikufa kwa surua, na masista wakampa kitawi cha waridi apande kichwani pa kaburi. Kikashika. Ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini, lori likaja, bati likavuliwa, akaambiwa apakie. Akamwomba dereva amsubiri. Akachimba lile waridi pamoja na udongo wa kaburi, akalitia kwenye chungu cha kupikia, akakipakata njia nzima. Vyungu vingine aliviacha. Baada ya miaka miwili alirudi mlimani kutazama. Moto wa msitu umepita, vichaka vimeota, hakuna hata jiwe alilolitambua.

"Kaburi la Josefina ni hapa," akasema, ameshika shina. "Lingine sina."

Kila Jumapili mchana hukaa hapo na kigoda chake akimpa binti yake habari za wiki. Nilikuwa nikimsikia anaongea, nikadhani ni uzee.

Leo aliniita anionyeshe majani. Yana masizi juu, na katikati ya mishipa ya jani pameanza kuwa na madoa meupe kama mtu amemwagia maji ya moto. "Macho yako ni ya kijana," akasema, "hebu tazama, ni wadudu?"

Nikatazama chini ya majani, sikuona mdudu. Nikamwambia labda ni jua.

Januari 21

Si jua. Jua lilikuwepo Desemba yote na waridi lilichanua.

Januari 25

Tanuri la kwanza limefunguliwa. Matofali yametoka mazuri, ukiyagonga yanalia. Leonidasi ameniita mfano wa kuigwa mbele ya watu wote. Nilitaka kufurahi.

Januari 27

Majani yaliyopata madoa yanapukutika. Bibi Nimpaye ameyaokota yote na kuyafukia pale pale shinani.

Jioni nikajitolea kumsaidia. Nilifikiri: kama masizi ndiyo yanayoliumiza, basi yaoshwe, kama ninavyomwosha Deo uso akitoka kuchezea majivu. Nikachota ndoo kisimani, nikachukua kitambaa laini, nikapangusa jani moja moja. Likawa kijani kabisa, linang'aa. Bibi Nimpaye alikaa kwenye kigoda akanishika mkono wangu uliolowa.

"Mwanangu, asante. Mungu akurudishie mumeo salama."

Sikumwambia ninachokiwaza kuhusu matairi. Nilijiambia, sina hakika. Hata migomba iliyo karibu na tanuri haijadhurika. Na sisi sote tumekulia katika moshi, mbegu za mahindi tunazitundika juu ya mafiga zikauke. Nani amewahi kusikia moshi umeua kitu?

Januari 31

Nimeosha majani. Bibi akasema asante.

Februari 3

Nimeosha. Asante tena. Redio ya balozi inasema vijana wetu wanasonga mbele. Nilimwinulia Deo mikono juu, akacheka.

Februari 10

Tanuri la pili limewashwa leo asubuhi. Matairi ni mengi kuliko ya kwanza. Jioni niliosha majani mapema, kabla upepo haujageuka, ili moshi uyakute safi. Nilinyunyiza maji mengi, mpaka yanadondoka.

Februari 13

Mama yangu! Waridi limeharibika. Upande wote wa mbele majani yamekuwa ya kahawia pembeni na meupe katikati, kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Tumba mbili zilizokuwa karibu kufunguka zimeinama na kukauka.

Bibi Nimpaye hakulia. Alisimama pale ameshika kanga yake mdomoni, kisha akageuka kutazama zizi la Ng'washi.

Ng'washi ni mama wa Kisukuma, yeye na watu wake walihamia kutoka upande wa Shinyanga na ng'ombe wao, wanakaa nyuma yetu. Mwaka juzi ndama wake aliingia uani akala nusu ya waridi hilo, wakatukanana mpaka balozi akaitwa. Tangu hapo hawasalimiani. Lakini mimi Ng'washi ni mtu wangu. Maziwa yangu yalipungua Audax alipoondoka, na kila asubuhi Ng'washi huniletea kibuyu cha maziwa ya Deo. Nikitaka kumpa ndizi anasema, "Mayu," yaani mama kwa lugha yao, "mtoto halipi."

"Amemwaga kitu," Bibi Nimpaye akasema. "Mkojo wa ng'ombe, au dawa. Ua haliungui hivi bila mkono wa mtu."

Na mimi nilisimama pale na ndoo yangu. Nikasema, "Labda, bibi."

Labda. Nimeliandika hapa nilione.

Februari 15

Neno limeenea. Kisimani wanawake walinyamaza Ng'washi alipofika. Mmoja akavuta ndoo yake kando, eti isiguswe. Ng'washi akachota, akajitwika, akasema kwa sauti, "Naona leo maji yenu yana miiba." Akaenda zake, shingo imenyooka.

Februari 16

Leo asubuhi kibuyu cha maziwa kilikuwa mlangoni kama kawaida. Deo amekunywa yote.

Februari 18, Jumapili

Bibi Nimpaye amekaa na kigoda chake lakini haongei. Sikusikia neno hata moja mchana kutwa.

Februari 20

Mvua inaonekana mbali upande wa ziwa, haifiki.

Wanunuzi wa maziwa ya Ng'washi wameacha kwenda. Yule mama wa mstari wa chini aliyekuwa akichukua kila siku amesema hawezi kunywesha watoto maziwa ya mtu anayeroga maua ya marehemu. Imekuwa hivyo sasa, anaroga. Leonidasi amesema akisikia malalamiko zaidi atalipeleka jambo kwenye serikali ya kijiji, wahamie pengine na ng'ombe wao.

Nilikuwepo. Mdomo wangu ulifunguka kabisa. Halafu Leonidasi akanigeukia akasema, "Mama Deo, tanuri la tatu ndilo la mwisho, tukimaliza kabla ya masika zahanati itakuwa na wodi ya wazazi. Yote ni kwa sababu yako." Mdomo ukajifunga wenyewe.

Nikisema, tunarudi msituni. Mimi na Deo, na kina mama wote walionipigia vigelegele. Na zahanati itachelewa, na mwaka jana mke wa Anatory alijifungulia kwenye baiskeli njia ya Biharamulo. Nikinyamaza, Ng'washi anafukuzwa kwa kosa la moshi wangu. Audax, wewe ungefanya nini? Najua ungefanya nini. Ndiyo maana sitaki kukuuliza.

Februari 22

Leo nimeona kitu.

Kuna tawi moja la waridi limejibana ukutani, chini ya bati. Sikuwahi kuliosha, maana lina miiba mikali na Deo akiwa mgongoni siwezi kujipenyeza. Masizi yamelijaa, jeusi kama sufuria. Leo nikapangusa jani moja kwa kidole nione hali yake. Chini ya masizi ni kijani. Zima. Hata doa hakuna.

Nikaenda mbele, matawi niliyoyaosha kila jioni kwa kitambaa laini. Yameungua yote.

Nikakaa chini. Nilifikiri sana. Kisha nikasema hapana, labda ni ukuta unalikinga. Nitajaribu.

Februari 24

Tanuri bado linafuka. Jioni nilichagua vitawi viwili vilivyobaki na majani, vimeota kando kwa kando. Kimoja nikakilowesha, kingine nikakiacha kikavu na masizi yake. Bibi Nimpaye akaniuliza mbona leo naosha kidogo. Nikamwambia maji yamepungua. Uongo mwingine.

Februari 25

Nilichokilowesha kimeungua pembeni. Kikavu kiko vile vile.

Basi ndivyo. Moshi ule una ukali, na ukikuta jani limelowa, iwe kwa umande au kwa ndoo yangu, ukali unayeyuka humo na kukaa. Nguo za Deo pia, zile nilizoanika mbichi ndizo zilizotoboka, zilizokuwa kavu zilichafuka tu. Nililiona hilo tangu Januari nikalipita.

Mimi ndiye niliyeleta matairi. Na mimi ndiye niliyelilowesha ua kila jioni, kabla ya moshi kuja, nikiitwa mwanangu. Kama ningekaa nyumbani kwangu na uvivu wangu, lingekuwa na majani leo.

Februari 28, Jumatano ya Majivu

Padri hakuweza kuja, katekista ametupaka. Nilipopiga magoti nikaamua.

Machi 1

Nimesema. Naandika kama ilivyokuwa, nisije nikaipamba baadaye.

Nilimkuta Bibi Nimpaye anachambua maharage. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu, umekuja mapema, maji ya kuoshea nimeshakuwekea hapo." Ndoo ilikuwa imejaa. Amechota mwenyewe, na mgongo wake ule.

Nikamweka Deo chini, nikapiga magoti. Nikamwambia yote: matairi, upepo wa jioni, vitawi viwili, tawi la ukutani. Nikamwambia Ng'washi hakumwaga kitu. Nikamwambia nilijua habari ya moshi tangu Januari, na nikasema labda.

Alisikiliza anachambua. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza akainuka, akaenda ukutani, akapangusa jani la lile tawi, akalitazama. Akaja mbele, akashika tawi lililoungua. Alirudi akakaa.

"Kuosha hukujua," akasema.

"Sikujua, bibi."

"Hilo si kosa. Ulitaka kumsafisha." Deo alikuwa anaokota maharage na kuyatia mdomoni, Bibi akamtoa moja kwa kidole. "Lakini kila jioni nilikuwa nakwambia asante. Kila jioni, Benedicta. Ulikuwa unaniachia niseme."

Hajawahi kuniita jina langu. Siku zote ni mwanangu.

"Nisamehe, bibi."

"Nenda kwanza kwa yule mwenye ng'ombe. Mimi nilimtukana kwa mdomo wangu, nitakwenda kwa miguu yangu. Wewe tangulia. Na kuanzia leo waridi langu usiliguse."

Nikaenda. Ng'washi alikuwa anakamua. Nilisema kila kitu nikiwa nimesimama kwenye samadi. Hakugeuka, maziwa yanalia tu kwenye kibuyu. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo ng'ombe wangu wamesamehewa?"

"Nisamehe, dada."

"Mimi nimesikia. Wao hawajasikia. Nenda kawaambie."

Nikadhani anatania. Akaninyooshea kidole zizini. Nikaenda, naapa, nikasimama mbele ya ng'ombe nikasema nawaombeni radhi. Mmoja akanipigia mkia usoni. Nyuma yangu nikamsikia Ng'washi anacheka, kicheko kikali ambacho katikati yake kilikatika. Alipojifuta macho akasema, "Walikuwa wanataka kutuhamisha, mayu. Mara ya ngapi sasa? Na wewe ulikuwa unanywesha mtoto."

Akanipa kibuyu.

Machi 3

Mkutano. Nilinyoosha mkono tena, mahali pale pale. Nilieleza, nikaonyesha majani mawili, la kulowa na kavu, na ile nguo ya Deo yenye matundu. Nikaomba tanuri la mwisho lichomwe kwa kuni.

Leonidasi akasema, "Ua moja, Mama Deo. Ua moja na zahanati ya watu wote?"

Kabla sijajibu, Bibi Nimpaye akasimama. Hasimamagi mikutanoni. "Zahanati mjenge," akasema. "Na mimi nitaleta mzigo wangu wa kuni. Lakini mmenihamisha mara moja nikamwacha mtoto mlimani. Hapa sihami, na yeye hahami. Balozi, nenda kalale mstari wa juu jioni moja tanuri likiwaka, uvute hayo maendeleo yako."

Watu wakacheka, na wengi wakaanza kusema kumbe na wao wanakohoa, kumbe maharage yao yamedondosha maua. Leonidasi akakuna kichwa. Ikapita: kuni. Naye akasema mbele ya wote kwamba habari ya Ng'washi imefutwa.

Tulipotoka, wanawake walinipita. Mke wa Anatory akasema, si kwa kunong'ona, "Alitusamehesha kuni apate sifa, sasa ameturudisha msituni apate utakatifu."

Sikukasirika. Lina ukweli ndani yake.

Machi 6

Msituni. Mabega yameota malengelenge. Deo analia.

Machi 7

Msituni. Ng'washi alimbeba Deo wakati wa kurudi.

Machi 12

Tanuri la tatu limewashwa kwa kuni. Moshi ni wa kijivu, unapanda juu. Hata hivyo Bibi Nimpaye na Ng'washi, ambao wamepatana tangu Bibi alipokwenda zizini kwa miguu yake, wamesimamisha jamvi la matete upande wa bondeni, mbele ya waridi, na maji yanamwagwa shinani tu, majani yanaachwa makavu mpaka moto uzime. Ng'washi ndiye aliyechimba mashimo ya nguzo. Niliwatazama kutoka uani kwangu. Bibi alikuwa anamwelekeza, "Siyo hapo, utamkanyaga," na Ng'washi akamjibu, "Basi mwambie asogeze miguu." Nikaogopa. Lakini Bibi akacheka! Akacheka mpaka akashika ukuta.

Machi 15

Kazi ya maji. Mgongo wa Bibi umekataa, na Ng'washi ana ng'ombe wa kunywesha. Jana jioni nilichota ndoo, nikaileta mpaka mpakani mwa uwanja wa Bibi, nikaiweka chini, nikaondoka bila kuita.

Leo asubuhi nimeikuta ndoo yangu mlangoni, tupu, imefunikwa.

Machi 16

Nimeipeleka tena. Imerudi tupu.

Machi 21

Tanuri limezimwa. Matofali yametosha, na ya wodi ya wazazi yamo. Redio inasema wanasonga. Sina habari za Audax. Namwombea, lakini sasa naomba kwa sauti ndogo, sijui kama nina haki ya kuomba kikubwa.

Machi 24

Mvua! Imeanza adhuhuri, imenyesha mpaka jioni. Tulitoa vyombo vyote nje. Jamvi limeondolewa, maana hakuna moshi tena, acha majani yaoshwe na mwenye mvua.

Machi 30

Leo mvua ilipokatika nilipeleka ndoo kwa mazoea, nikakumbuka ardhi imelowa, haihitajiki. Nilikuwa nageuka. Bibi Nimpaye alikuwa kwenye kigoda chake, Ng'washi amechutama shinani akipogoa matawi yaliyokufa. Kwenye lile tawi la ukutani, na hata chini kwenye shina lililoungua, yametoka majani machanga, mekundu kama masikio ya mtoto mchanga.

"Unakwenda wapi na ndoo?" Bibi akaniuliza.

"Mvua imenyesha, bibi. Hayahitajiki."

"Iweke hapo hapo unapoiwekaga." Nikaiweka. Akamwambia Ng'washi, "Chukua maji ya Benedicta unawe mikono, miiba imekuchoma."

Ng'washi akaja, akanawa. Maji yakawa mekundu kidogo. Mimi nikasimama upande wangu wa mpaka, Deo mgongoni ananyoosha mkono kuelekea yale majani. Nikaushika mkono wake mdogo, nikaurudisha kwenye kanga taratibu.

"Sisi tunatazama tukiwa hapa," nikamwambia.

Bibi Nimpaye alisikia. Hakuniita mwanangu. Lakini alisogeza kigoda chake pembeni, kidogo tu, ili tuone vizuri.